Safari, Pasipoti na Askari wa Njiani: Maneno kwa Wazazi na Wanafunzi Wetu



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, kila mwaka inapokaribia miezi ya kufungua vyuo, hapa Buyenzi mjini Bujumbura utawaona vijana wakiaga nyumba kwa nyumba. Mmoja anakwenda Dar es Salaam, mwingine Zanzibar, mwingine Mombasa, mwingine Kampala. Mama anafunga begi, anatia mashuka, kanzu mbili na Msahafu. Baba anazunguka kutafuta nauli. Nasi walimu tunaitwa kusoma dua. Yote hayo ni mema, lakini ukimuuliza kijana, "Karatasi zako ziko wapi?" atakuambia ziko chini ya begi, au ziko kwa shangazi, au moja bado haijatoka komuni.

Sisi tumekuwa tukiwasindikiza wanafunzi kwa miaka mingi, na tumesimama mbele ya maafisa wa uhamiaji na askari wa njiani mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tumeona vijana wema, waliohifadhi juzuu nyingi, wakilala kwenye benchi la mpakani kwa sababu ya herufi moja tu. Ndiyo maana tukaona tuandike haya.

Mtu akiwa kwao, watu ndio karatasi yake. Hapa Buyenzi askari akikusimamisha usiku bila kitambulisho, hutapita dakika nyingi kabla mtu hajatoka nyumba ya jirani na kusema, "Huyo ni mtoto wa fulani, muacheni." Ukishavuka Kobero ukaingia Kabanga, upande wa Tanzania, hakuna anayemjua baba yako. Ile kanzu nyeupe na ile adabu yako haviandikwi popote. Kinachokusemea ni kile kijitabu mfukoni.

Kuna maneno tunayasikia sana barazani: "Sisi sote ni Afrika Mashariki sasa, mipaka imefunguliwa, karangamuntu inatosha." Maneno haya yana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayowalaza watu mpakani. Ni kweli Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2010. Kwa itifaki hiyo mwananchi wa nchi mwanachama haombi viza kwa mwanachama mwenzake, na akiingia anaweza kupewa kibali cha kukaa hadi miezi 6. Lakini kusafiri kwa kitambulisho cha taifa peke yake ni mapatano ya Kenya, Uganda na Rwanda, yaliyoanza mwaka 2014. Burundi haikuwamo, na Tanzania haikuwamo. Kwa hiyo kijana wa Bujumbura anayesikia kwamba rafiki yake wa Kampala amekwenda Nairobi kwa kitambulisho, asidhani na yeye ataweza. Na ile hati ya CEPGL ambayo wazee wetu wanaitumia kwenda Uvira na Bukavu, ni ya Burundi, Rwanda na Congo tu. Ukimwonyesha afisa wa Kabanga atakurudishia kwa upole, kama ana upole siku hiyo.

Halafu kuna kibali chenyewe. Kibali cha mgeni ni cha mgeni. Anayekwenda kusoma anatakiwa aombe kibali cha mwanafunzi, kwa barua ya chuo alichokubaliwa. Wako wanaoingia kama wageni, wakasoma mwaka mzima, na wako hata walimu wenzetu wanaoingia kama wageni wakafundisha madrasa miaka, wakisema kazi ya dini haina mipaka. Sisi hatukubaliani nao. Surat al-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba, na ule muhuri uliopigwa katika pasipoti yako ni mkataba. Wewe umesema nakuja kutembea, nao wamekuamini wakakupa amani ya kuingia nchini mwao. Ukifanya kingine umevunja ahadi, hata kama kingine hicho ni kufundisha alifu na be.

Na kuhusu muhuri, jihadharini na hivi vituo vya mpaka wa pamoja. Zamani ulikuwa unagonga upande wa kwenu, unatembea, unagonga upande wa pili. Sasa Kobero na Kabanga, au Horohoro na Lunga Lunga kati ya Tanga na Mombasa, maafisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Ni rahisi zaidi, lakini msafiri mwenye usingizi hugongewa dirisha moja akadhani amemaliza, akarudi kwenye basi. Anakuja kugundua wakati wa kutoka kwamba pasipoti yake haina muhuri wa kuingia, na hapo anaonekana amepita porini. Kabla hujapanda basi fungua ukurasa uhesabu: wa kutoka upo, wa kuingia upo, tarehe inasomeka, na siku ulizopewa ni ngapi. Wala usimpe pasipoti yako kijana yeyote anayekimbilia basi akisema atakusaidia foleni. Akikuomba mara ya pili, kaa nayo mkononi.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua sisi Waislamu wa huku kuliko mengine yote, nalo ni majina.

Wenzetu wa Tanzania na Kenya mtoto anabeba jina la baba na la babu. Ukiona Salim Ali Juma unajua Ali ni baba na Juma ni babu. Sisi Burundi mila ni nyingine. Mtoto anapewa jina lake la Kirundi, ambalo si la baba wala si la babu, na pembeni yake jina la Kiislamu. Baba ni Ndayizeye, mtoto wa kwanza ni Irakoze, wa pili ni Nduwimana, na wote ni wa tumbo moja na baba mmoja. Kwetu hakuna anayeshangaa. Lakini mpeleke baba huyo na watoto wake wawili mbele ya afisa wa nchi jirani, katika zama hizi ambazo watu wanaogopa usafirishaji wa watoto, uone maswali. "Huyu ni mwanao? Mbona hamna jina hata moja la pamoja?" Tuliwahi kusimama na mzazi mmoja zaidi ya saa tatu kwa swali hilo, naye amekasirika, anasema, "Mtazame sura yake!" Afisa akamjibu kwamba sura si hati. Kwa kweli hakukosea.

Kilichomwokoa ni cheti cha kuzaliwa, ambamo jina la baba na la mama yameandikwa. Hata hivyo cheti kilikuwa cha Kifaransa, na kule wanasoma Kiingereza na Kiswahili. Kwa hiyo kila mzazi anayesafiri na mtoto achukue cheti cha kuzaliwa pamoja na tafsiri yake yenye muhuri wa mfasiri anayetambulika. Na kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja, au na mjomba, au na sisi walimu, iwepo barua ya idhini ya wazazi iliyothibitishwa na ofisi ya serikali. Sisi hatumchukui tena mtoto yeyote chini ya miaka 18 bila barua hiyo, na wazazi wanaotuona wagumu watusamehe.

Upande wa jina la Kiislamu nako kuna shida yake. Komuni wanaandika kwa Kifaransa, Youssouf. Shahada ya madrasa inasema Yusuf, kwa sababu sisi tunafuata Kiarabu. Shule ya serikali inasema Yusufu. Mtu ni mmoja, lakini mbele ya askari asiyemjua ni watu watatu. Vivyo hivyo Aboubakar na Abubakari, Moustapha na Mustafa, Aisha na Asha, na jina la Mtume wetu (s.a.w.) ambalo tumeliona limeandikwa kwa namna tano katika nyumba moja. Ongeza na tarehe ya kuzaliwa: mama anakumbuka ilikuwa mfunguo mosi, baba anasema ilikuwa wakati wa mvua, komuni ikaandika lake, shule ikaandika lake. Pasipoti ndiyo mama wa karatasi zote ukiwa nje. Jina lililo ndani yake ndilo jina lako, herufi kwa herufi, na vyeti vingine vyote vifuate. Sisi hapa madrasa siku hizi hatuandiki shahada mpaka mwanafunzi atuletee cheti cha kuzaliwa au pasipoti tunakili. Kiarabu sahihi kitakaa kwenye mstari wa Kiarabu.

Baada ya hapo kuna askari wa barabarani na wa mitaani, na hapa ndugu zetu lazima tuseme ukweli wote.

Wapo vijana wanaoona kila askari ni adui, na wapo wazee wanaoona kila askari ni wa kununuliwa. Wote wanatuletea matatizo. Askari anayeingia kwenye basi kati ya Nyakanazi na Kahama na kuuliza karatasi, ana sababu zake. Baada ya machafuko ya 2015 maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu walikimbilia mkoa wa Kigoma, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na mkimbizi wa kambini haruhusiwi kutoka bila kibali. Kwa hiyo Mrundi asiye na karatasi katika njia ile anaulizwa kwanza kama ametoroka kambi. Na tusidhani atatupita kwa kuwa tunasema Kiswahili. Tunachanganya r na l, akitusikia tunasalimu tu ameshajua tumetoka wapi.

Kenya nako kuna historia yake. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulizi, polisi waliendesha operesheni iliyoitwa Usalama Watch, wakaingia hasa mtaa wa Eastleigh mjini Nairobi. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa karatasi. Tangu wakati huo mwanafunzi mgeni mwenye kanzu na kofia anajua kwamba anaweza kusimamishwa. Kusema kwamba hakuna dhulma katika jambo hilo itakuwa ni uongo, ila aliyekuwa na pasipoti mfukoni alikuwa na la kusema, na aliyeiacha chumbani hakuwa nalo.

Miaka michache iliyopita tulikuwa katika mji mmoja wa pwani ya Kenya, tumewapeleka wanafunzi wapya. Mmoja wa wale waliotangulia, kijana mwenye miaka 20, alitoka msikitini baada ya Isha akasimamishwa na askari. Pasipoti yake ilikuwa ofisini kwa chuo, walikuwa wameichukua kumwombea kibali cha mwanafunzi, na hawakumpa hata fotokopi. Akasema, "Afande, mimi ni mwanafunzi, pasipoti iko chuoni." Akajibiwa, "Kijana, kila mtu usiku huu pasipoti yake iko mahali." Akapelekwa kituoni. Asubuhi yake saa mbili alikuwa na mtihani.

Tukafika kituoni na mzee mmoja wa kwetu aliyekaa mji ule muda mrefu. Askari wa zamu hakuwa mkali. Alituita pembeni akatuambia kwamba jambo ni dogo, tukitoa kitu kidogo kijana atakwenda kulala. Kiasi alichotaja hakikuwa kikubwa. Mzee wetu akaingiza mkono mfukoni, akatuambia kwa Kirundi, "Maalim, toeni, mtoto ana mtihani." Sisi tukamwambia hatutoi.

Tulibishana pale nje nusu saa, kwa heshima lakini kwa nguvu. Mzee hakuwa jahili. Alitukumbusha kwamba wako wanazuoni waliosema mwenye haki akizuiwa haki yake, na hana njia nyingine ila kutoa, basi dhambi ni ya mpokeaji. Ni kweli wamesema hivyo. Lakini sharti ni kukosa njia nyingine, na sisi njia tulikuwa nayo: pasipoti ipo, inapatikana chuo kikifunguliwa, na kijana hana kosa. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wote wawili. Na jambo la pili, ambalo si la fiqhi bali la mtaa: wanafunzi wetu wanakaa mji ule miaka minne. Ukitoa usiku wa leo, kesho kila kofia nyeupe ya Mrundi ina bei.

Tukarudi ndani tukaomba kwa upole mambo matatu tu. Kwanza tuambiwe kijana amekamatwa kwa kosa gani. Pili, jina lake liandikwe kwenye OB, yaani kile kitabu cha matukio cha kituo, nasi tupewe namba. Tatu, tuambiwe atapelekwa mahakamani lini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa, bila kujali ni raia au mgeni, haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza mahakama inapofunguliwa. Hatukumsomea askari kifungu, wala hatukupaza sauti. Tulimwambia, "Afande, tunaomba namba ya OB ili asubuhi tuje na pasipoti." Alitutazama, akaandika. Kijana alilala pale. Tulimpelekea chai na mkate, na blanketi la mzee wetu.

Asubuhi chuo kilifunguliwa saa mbili na nusu. Tukaja na pasipoti na barua, mkubwa wa kituo akasoma, akamwachia. Ilikuwa saa nne. Mtihani ulikuwa umekwisha, na chuo hakikukubali kumrudishia mpaka muhula uliofuata, ingawa pasipoti ilikuwa kwao wenyewe. Mama yake hapa Buyenzi mpaka leo tukikutana anatuambia, "Mwalimu, mlimnyima mwanangu muhula mzima kwa pesa ya nyama kilo mbili." Tunamsikiliza, kwani ni mama, na muhula ulikuwa wake kuulipa. Lakini tukisimama tena pale nje ya kituo tutasema vile vile. Mzee wetu naye hajabadilika.

Kwa hiyo, wanafunzi wetu, msikubali chuo au mwenye nyumba achukue pasipoti yenu kabla hamjatoa fotokopi ya ukurasa wa picha na ukurasa wa muhuri, na mpewe barua yenye tarehe inayosema pasipoti iko kwao na kwa sababu gani. Fotokopi moja ikae mfukoni, nyingine kwenye begi, nyingine kwa wazazi. Picha kwenye simu nayo ni nzuri, ila simu huisha chaji, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kuchukuliwa kituoni. Namba mbili za simu zihifadhiwe kichwani kama mnavyohifadhi sura. Mkisimamishwa, salimu, mikono ionekane, jibu ulichoulizwa na usiongeze hadithi. Usiseme uongo hata mdogo: ukisema wewe ni Mtanzania wa Kigoma ili upite, umeacha kuwa msafiri mwenye tatizo la karatasi na umekuwa mtu anayejidai uraia. Usisaini maandishi usiyoyaelewa. Muda wa saa 24 uko pia katika sheria ya Tanzania, na Uganda katiba yao ya 1995 inasema saa 48. Na mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Kigoma kuna ubalozi mdogo wa Burundi, na ofisi hizo zipo kwa ajili yenu.

Binti zetu wana lao. Afisa wa mpaka ana haki ya kulinganisha uso na picha, na anayevaa nikabu aombe kwa adabu afisa wa kike, au pembeni palipositirika. Mara nyingi tumeona wanakubali. Kupekuliwa mwili ni jambo jingine: sheria ya Kenya inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha, na binti anayo haki ya kusema hivyo bila kuogopa. Picha ya pasipoti ipigwe na hijabu uso wote ukionekana, na hijabu ya siku ya safari isiwe ya kubadili sura kabisa.

Msisahau kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata zile kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10, na anayekuambia ya kwako imekwisha muda hana haki. Lakini anayechanja leo, kadi yake inaanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo usichanje siku ya kukata tiketi.

Walioandikishwa kusafiri mwaka huu waje madrasa Alhamisi baada ya Alasiri, pamoja na mzazi mmoja, wakiwa na pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kadi ya chanjo. Tutaziweka juu ya meza moja na kulinganisha majina herufi kwa herufi. Ambaye yatatofautiana ana muda bado wa kwenda komuni kabla ya safari.

Wabillaahi tawfiiq.